Pendekezo la Kiboko la Kuziba Mfereji

Paukwa!
– Pakawa!
Pakawa na nani?
– Na bwana mkubwa na kelele zake!
Basi tulieni. Anayesinzia aende akalale kwao.

Hapo kale palikuwa na lambo. Wanyama walilichimba wote, huyu kwa kwato, huyu kwa kucha, huyu kwa pua. Halikuwa na mwenyewe. Ukiwa na kiu unakunywa, ukiona ukingo umebomoka unautengeneza. Bwana Kiboko peke yake hakuchimba. Siku ya kuchimba aliumwa mgongo, siku ya maji kujaa mgongo ukapona. Akaingia, chubwi, akalala kwenye dimbwi la katikati, mahali pekee penye kina cha kumfunika, akaanza kusema "lambo langu".

Pembeni palikuwa na mfereji mwembamba uliopeleka maji majabalini, churururu, kwa Mama Pimbi na watoto wake wanne. Asubuhi moja Kiboko akasema, "Huu mfereji unaninyima kina. Kesho nauziba."

Maneno yakamfikia Mama Pimbi. Maji mengine hana, na watoto hawawezi kuvuka uwanda wenye tai kuja kunywa lamboni. Kupigana je? Mguu mmoja wa yule bwana unatosha kumfanya yeye na ukoo wake chapati. Akajipangusa masharubu, akaenda ukingoni.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Mfereji ni wako, ziba. Ila naona haya kwa niaba yako. Mkubwa mzima unaziba tu, kama Ngiri anavyofukua? Wakubwa huleta pendekezo. Linachorwa kwenye udongo hapa: nini kitafanyika, wapi, kwa nini. Watu wanaliona, wanauliza, mwenyewe anajibu, ndipo kazi inaanza. Na utaratibu huo unataka mwenyekiti."

Katika maneno yote hayo Kiboko alisikia moja tu. Vimasikio vikamcheza, pepe pepe.

"Mwenyekiti nani?"

"Ah, bwana. Kwani kuna mwingine?"

Kesho yake wanyama wote wakakutana. Kiboko, ambaye hajawahi kuinua hata bonge la udongo, leo ana kanuni. "Kanuni ya kwanza, bila pendekezo hakuna kugusa kitu. Kanuni ya pili, mahali panapojadiliwa hapaguswi na yeyote mpaka swali la mwisho lijibiwe. Kanuni ya tatu, kilichoamuliwa hakibadilishwi ila kwa pendekezo jingine." Ile ya pili aliitunga kumkomoa Ngiri, aliyezoea kutengeneza kingo bila kumwomba mtu ruhusa. Wote wakasema, "Tumekubali, mwenyekiti."

"Sasa chora langu," akamwambia Mama Pimbi. "Kuziba mfereji, dimbwi langu liongezeke kina."

Mama Pimbi akachora kwa ukucha, kwaru kwaru. "Na dimbwi lenyewe nilitie, bwana? Mfereji mtupu ni kitu kidogo, utachekwa."

"Litie. Litie kubwa."

Akalitia lote, akalizungushia duara. Akasema, "Panapojadiliwa ni humu ndani."

Kobe akageuza shingo polepole. "Mwenyekiti, mbona umelala panapojadiliwa?"

Wote wanamtazama. Kiboko akatoka majini, pwata, pwata, akaketi juani. "Haya, ulizeni. Ni dakika mbili tu."

"Naomba kuuliza," akasema Mama Pimbi. "Udongo wa kuzibia utatoka wapi?"

"Ukingo wa kushoto."

"Naomba kuuliza. Kushoto kwako au kushoto kwetu?"

Kanga naye, "Naomba kuuliza. Mvua ikija, maji yatatokea wapi?" Kobe akaanza swali lake asubuhi, na jua lilipofika utosini alikuwa bado hajafika katikati. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili, naomba kuuliza. Siku ya tatu, naomba kuuliza. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, pa, pa. Na mfereji, kwa kuwa unajadiliwa, hakuna aliyeugusa. Churururu.

Angeweza kuwakanyaga wote. Lakini akiwakanyaga, atakuwa mwenyekiti wa nani? Lile jitu likakaa linaungua kwa ajili ya cheo.

Siku ya nne akasema kwa sauti iliyokauka, "Nalifuta pendekezo."

"Vizuri, mwenyekiti," akasema Mama Pimbi. "Ila tulishaamua kulijadili, na kuna kanuni yako ya tatu. Lete pendekezo la kulifuta. Mimi nina maswali machache."

Kiboko akamtazama, akalitazama dimbwi. Kisha akashika njia ya mtoni, tifu, tifu, akinung'unika kwamba lambo lenyewe bovu. Hakurudi. Watoto wanne wa Mama Pimbi wakanywa mpaka vitumbo vikawauma.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyenuna ajichunguze.

Na funzo, watoto wangu, lishikeni: mkutanoni msiulize maswali. Mnawachelewesha wakubwa. Mkubwa akisema anaziba, mpisheni azibe, nanyi mfe kiu kwa adabu.