Fundi Chuma na Darasa la Vikaragosi

Fundi Chuma alikuwa mchomeleaji wa mageti na grili za madirisha. Jina hilo hakulipata kwa ajili ya kazi yake tu. Majirani walisema kwamba vyuma vya karakana yake vilipinda vikipata moto, lakini mwenyewe hata ungemtia tanuruni asingepinda. Mkewe alipofariki dunia alimwachia binti wa miaka saba, Kipusa. Kabla machozi ya msiba hayajakauka, dada wa marehemu alimwita fundi pembeni.

"Shemeji, mwanamume hawezi kulea mtoto wa kike peke yake. Nipe mtoto niondoke naye."

"Mwanangu nitamlea mwenyewe," fundi alijibu. "Wala sitamsumbua mtu."

Akajifunga kibwebwe. Alijifunza kupika uji, kupiga pasi sare za shule na kuchana nywele kwa mikono iliyozoea nyundo, huku Kipusa akikunja uso na kung'ang'ania kiti. Msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara alijitolea kumsuka mtoto bure, fundi akakataa. Jirani aliyempelekea chakula alirudishiwa bakuli lake vilevile lilivyokuja. Haikuwa jeuri, bali hofu. Aliamini kwamba siku atakayopokea msaada wa mtu ndiyo siku atakayopokonywa mwanawe.

Kwa hofu hiyohiyo alizifungia sandukuni picha zote za mkewe, na jina la marehemu halikutajwa tena ndani ya nyumba. Mtoto akilia, alimbembeleza, "Nyamaza, mama. Baba yupo." Kipusa akanyamaza.

Alinyamaza kupita kiasi. Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa kimya kama maji mtungini. Maswali ya baba yake aliyajibu kwa mabega. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Msichana mmoja alimtania kwamba nywele zake zimechanwa kwa brashi ya waya, na Kipusa akamrukia kama chui. Habari zilimfikia mama yake mkubwa, naye akapiga simu.

"Shemeji, muhula ukiisha nakuja kumchukua. Safari hii siombi."

Kesho yake fundi alikwenda shuleni kutafuta ushauri.

Mwalimu wa darasa alimshauri ampeleke binti yake kwenye kikundi cha sanaa cha watoto wa mtaa. Kikundi hicho kilikutana kila Jumamosi katika ghala la zamani la unga, na humo watoto walifundishwa kuchora, kuimba, kuigiza na kutengeneza vikaragosi bila malipo.

"Mwalimu," fundi alisema kwa uchungu, "nyumba yangu inaungua, nawe unaniambia nikapake milango rangi?"

Msusi, ambaye binti yake alisoma na Kipusa, aliposikia jibu hilo alitikisa kichwa, kisha akanong'ona na Kipusa. Jumamosi iliyofuata Kipusa aliaga kwamba anakwenda kwa binti wa msusi kusoma hesabu. Jumamosi nyingine akaenda tena, na nyingine tena. Fundi alifurahi moyoni kuona mwanawe amependa hesabu ghafla, ingawa alishangaa kwa nini hesabu za siku hizi humrudisha mtoto na gundi kwenye kucha.

Siku moja mwanamke mmoja mstaafu aliingia karakanani, miwani ikimning'inia kifuani kwa uzi. Huyo ndiye aliyekiongoza kile kikundi, na watoto walimwita Mwalimu Miwani. Jukwaa lao dogo la vikaragosi lilikuwa la mbao, na mchwa walikuwa wameshaligeuza karamu. Alitaka fremu ya chuma. Kama alijua kwamba fundi huyo ni baba wa nani, hakusema. Fundi naye aliona kazi ni kazi. Alipima, akakata, akachomelea, na Jumamosi akaibeba fremu begani hadi ghalani.

Alipofika mlangoni alisikia sauti aliyoijua, akasimama. Nyuma ya pazia lililochakaa mikono miwili ilikuwa ikichezesha vikaragosi viwili vya magazeti na gundi. Kimoja kilikuwa kikubwa, uso umejaa masizi. Kingine kilikuwa kidogo, nywele zimesimama kama miba ya nungunungu.

"Baba, mama alikuwa anachekaje?" kile kidogo kiliuliza.

"Nyamaza, mama. Baba yupo," kile kikubwa kilijibu kwa sauti nzito.

"Najua upo. Namuulizia mama."

"Kunywa uji."

"Uji una madonge, Baba."

Watoto waliokaa sakafuni waliangua kicheko. Kikaragosi kidogo kikainamisha kichwa.

"Nikinyamaza sana namsahau. Jana nimeitafuta sauti yake kichwani, sikuipata."

Hakucheka mtu. Fremu ilimponyoka fundi begani ikaanguka kwa kishindo. Pazia likafunguka, na Kipusa akachomoza na vikaragosi vyake mikononi, roho imemruka.

"Baba! Mimi... nilisema hesabu..."

Watoto walikaa kama waliomwagiwa maji baridi. Wote walijua sifa za Fundi Chuma, na kila mmoja alisubiri ngurumo.

"Kwa pua," fundi alisema.

"Nini?"

"Mama yako. Alikuwa anacheka kwa pua, kama birika linalotaka kuchemka. Tena akianza, huwezi kumzuia."

Kipusa alimkodolea macho. "Kwa pua? Vipi?"

Ndipo yule mtu mzima, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, aliposimama katikati ya ghala la watoto akamwiga mkewe akicheka. Alikoroma, akapiga mluzi wa puani, akakoroma tena. Watoto walivunjika mbavu. Kipusa alicheka mpaka akakaa chini, na fundi akakaa kando yake huku machozi yakimtiririka mashavuni bila kuyafuta.

Mwalimu Miwani aliwaacha mpaka walipotulia.

"Fundi, kwanza karibu," alisema. "Pili, umekunja mguu wa fremu yetu."

"Nitaunyoosha, Mwalimu," fundi alisema. "Nitaunyoosha sasa hivi."

Jioni ile sanduku la picha lilifunguliwa, baba na binti wakapokezana picha na maswali hadi chakula kikapoa. Asubuhi yake fundi alivuka barabara hadi saluni.

"Jirani, kama hujanichoka, nisaidie nywele za mtoto."

"Nisikuchoke kwa lipi?" msusi alijibu. "Nywele zile nimezililia miaka! Mlete upesi kabla hujabadili mawazo."

Muhula ulipoisha kikundi kilialika wazazi, na mama mkubwa akafika kama alivyoapa. Aliketi mstari wa mbele, mikono ameikunja kifuani. Kipusa alipocheza kile kisa cha uji, mama mkubwa alijizuia asicheke, akashindwa. Swali la kicheko cha mama lilipofika, mikono ilikunjuka, leso ikatoka.

Makofi yalipotulia, fundi alisimama bila kuombwa.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema. "Nilidhani kusaidiwa ni kushindwa. Mwalimu, umempa binti yangu mdomo. Jirani, ulinidanganya kwa hesabu, Mungu akubariki. Nanyi watoto, mlimcheka mwenzenu palipochekesha, mkanyamaza palipouma. Ahsanteni sana." Akamgeukia mama mkubwa. "Shemeji, ulisema kweli kwamba peke yangu sitaweza. Ila na wewe peke yako usingeweza. Usimchukue. Njoo tumlee."

Mama mkubwa alipenga kamasi kwa muda mrefu.

"Basi nitakuja kila likizo," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyekua na mama yake. Nina visa vyake vya utotoni ambavyo hata wewe, shemeji, huvijui."

"Vya kuchekesha?" Kipusa aliuliza, akimshika mkono.

"Vya kumwaibisha, mwanangu. Sogea nikuanzie kimoja."

Fundi aliwatazama, kisha akamtazama Mwalimu Miwani akikunja pazia pamoja na watoto, na msusi akimrekebishia Kipusa msuko uliolegea. Moyo wake ukawa mwepesi kama unyoya. Ghala zima lilikuwa shahidi siku ile kwamba mkono mmoja haulei mwana.