Nyani Makeke na Mwanafarasi Aliyegoma Kuzunguka

Paukwa!

— Pakawa!

Ninyi mlioegemea ukuta, mmekula nini leo hata sauti hamna? Paukwa!

— Pakawaaa!

Ahaa, sasa nimesikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kijiji chao juu ya kilima cha mawe. Juu hakuna maji. Maji yako chini, mtoni. Na aliyekuwa akiyapandisha ni Bi Farasi. Anashuka na vibuyu vitupu, anapanda na vibuyu vimejaa. Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka goti lake likavimba likawa kama fenesi changa.

Bi Farasi alikuwa na mwana mmoja, jina lake Vumbi. Miguu mirefu, masikio hayatulii. Yeye ndiye aliyetakiwa kumpokea mama yake kazi ya maji. Lakini kijiji kile kilikuwa na desturi. Habebeshwi mnyama vibuyu mpaka azunguke duara mbele ya watu wote. Anafungwa kamba ndefu, mwalimu anasimama katikati, naye anazunguka. Mara tatu kushoto, mara tatu kulia, kwa kusikiliza sauti tu. Asiyesikiliza uwanjani, walisema, atasikiliza kwenye mteremko? Si atatuvunjia vibuyu vyote? Na akishindwa, anafunguliwa kamba, anakwenda zake nyikani. Na nyikani anakaa nani?

— Simba!

Mmesema wenyewe, si mimi.

Mwalimu alikuwa Nyani Makeke, maana ndiye mwenye mikono ya kushika kamba. Mikono anayo, na mdomo anao. Aliiomba kazi mwenyewe. "Niachieni mimi! Siku saba tu!" Bi Farasi akamwekea kamba ya mwanawe kiganjani, akasema, "Bwana Nyani, sina mwingine." Nyani akajipiga kifua, pu! "Bi Farasi, wewe lala usingizi."

Siku ya kwanza, Nyani akasimama katikati ya uwanja. Akamkazia Vumbi macho, akaivuta kamba, akapaza sauti:

"Nenda!"

Vumbi akamfuata pale aliposimama, akamnusa tumbo.

"Si huku! Zunguka! Nenda!"

Vumbi akarudi nyuma. Nyani akamkimbilia mbele ya uso, akachapa fimbo hewani, chwa! Mwanafarasi akaruka, kamba ikachomoka, srrr! Viganja vya Nyani vikachubuka. Kanga waliokuwa ukingoni wakacheka mpaka wakakaa chini.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, ya tano, hivyo hivyo. Nenda! Anasimama. Nenda! Anarudi nyuma. Nenda! Srrr!

Siku ya sita Jumbe Nyati, mkuu wa kijiji, akapita. "Vipi, Mwalimu?"

"Mkaidi huyu, Jumbe. Mkaidi wa kuzaliwa."

"Basi kesho tutaona," akasema Jumbe, akaenda zake.

Nyani akabaki na hasira zake. Akainua fimbo, safari hii si ya hewani. Vumbi hakukimbia. Alifumba macho tu, akasubiri. "Mjomba," akasema, "mimi nataka kwenda. Sijui niende wapi."

Fimbo ikamponyoka Nyani mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Bi Farasi alikuwa amesimama pale pembeni, amelipumzisha goti. Akaja akichechemea. "Bwana Nyani, nisamehe, mimi si mwalimu. Lakini hebu jivishe hiyo kamba wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Nyani akajivisha kamba shingoni. Bi Farasi akaishika ncha kwa meno, akasimama mbele ya uso wake, kama Nyani alivyokuwa akimsimamia Vumbi, akamkazia macho, akavuta. "Enda!" akasema kwa meno yaliyobana.

Nyani akasimama.

"Enda!"

Nyani akarudi nyuma. "Ah! Bi Farasi! Unaniambia nenda, na njia umeniziba wewe! Kamba unaivutia kwako! Sasa niende wapi?"

Bi Farasi akaiachia kamba. Nyani akajivua kamba shingoni, maana alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Jioni ile akaanza upya. Hakusimama tena usoni. Alirudi nyuma, akakaa usawa wa nyonga ya mwanafarasi, akailegeza kamba. Akasema polepole, "Haya, mwanangu, nenda." Mbele ya Vumbi palikuwa peupe. Vumbi akaenda. Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Nyani akageuka naye taratibu, akicheka peke yake kama aliyeokota kitu.

Kukapambazuka siku ya saba. Kijiji kizima uwanjani. Ngiri wapo, swala wapo, Kanga wamekuja mapema wapate pa mbele.

"Nenda, mwanangu." Ko-ko, ko-ko. Kushoto mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Sasa kulia." Vumbi akageuka. Akapiga hatua mbili, akasimama.

"Nenda!" Hasogei. "Nenda!" Vumbi akarudi nyuma.

Kanga wakaanza, ki-ki-ki! Jumbe Nyati akainuka. "Imetosha. Ni mkaidi kweli. Mfungueni, aende zake nyikani."

Bi Farasi akafumba macho.

Nyani akajitazama miguu yake. Kumbe katika kugeuka, kwa ile haraka ya kutazamwa na watu, alikuwa amejisogeza tena mbele ya bega la Vumbi. Angeweza kunyamaza. Nani pale alijua? Lawama ingekwenda kwa mwanafarasi, na jina la mwalimu lingebaki safi.

"Jumbe," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "si mkaidi. Kosa ni langu. Nimesimama pabaya. Na siku zile zote sita nilisimama pabaya, nikamsingizia mtoto."

Kanga wakasahau kucheka.

Nyani akarudi nyuma hatua moja. Moja tu, nimeihesabu. Akalegeza kamba. "Haya, mwanangu."

Ko-ko. Ko-ko. Ko-ko, ko-ko, ko-ko! Mara moja! Mara mbili! Mara tatu!

Jumbe Nyati akatazama mwanafarasi, akatazama mwalimu. "Mleteeni vibuyu," akasema. Na Bi Farasi akalala chini palepale uwanjani, goti amelinyoosha, akilia na kucheka.

Basi sikilizeni, na ninyi wakubwa msijifanye mmesinzia, maana hili ni lenu. Kabla hujamwita mtoto mkaidi, tazama kwanza wewe umesimama wapi. Na ukikuta umemziba njia, sema, hata kama watu wote wanakutazama.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami nimechoka. Nipeni maji.