Siku Waliyoshusha Sauti

Mama mmoja, Nyanzobe, alikuwa na wenzake watatu wa kwenda nao kisimani. Njia ilipita kwenye matete, na humo alikaa nyati dume, mzee, kafukuzwa na kundi lake. Nyati wa hivyo akikusikia kwa mbali hana shida na wewe. Anajiondokea. Shida ni kumkuta ghafla.

Basi wakajiwekea utaratibu. Mmoja anatangulia na fimbo, anaangalia njia, hasemi kitu. Walio nyuma kazi yao ni kelele. Wanapiga madumu, wanacheka, wanaita, "Babu wee, pisha, wakwe zako tunapita!" Na babu anapisha. Wakaenda hivyo masika na kiangazi, hakuna aliyekwaruzwa hata kidole.

Siku moja zamu ya kutangulia ikawa ya Nyanzobe. Jana yake binti yake alikuwa amerudishwa na mumewe, mizigo kichwani. Walipoingia kwenye matete, Kwandu, ambaye ndiye alikuwa na sauti kuliko wote, akawavuta wenzake karibu. Maneno ya binti huyo yalikuwa matamu, na mwenye binti alikuwa hatua chache tu mbele. Ikabidi washushe sauti. Madumu wakayakumbatia yasigongane. Wananong'ona, wanajiziba midomo wasicheke.

Nyanzobe akaendelea na njia, akijua nyuma yake kuna watu. Nyati naye hakusikia mtu, mpaka miguu ya Nyanzobe ikamfikia pale alipolala.

Hapo ndipo sauti zikawarudia. Wakapiga mayowe mpaka mnyama akakimbia, lakini alishamrusha mwenzao na kumvunja nyonga. Wakambeba kwa kanga. Nyumbani walipoulizwa wakasema, nyati yule mkorofi sana. Wanaume wakachukua mikuki, wakaenda kumuua. Nyama ikagawiwa. Kwandu akatafuna pande lake moja mpaka watu wakatawanyika.

Tangu siku hiyo Kwandu ndiye aliyemchotea maji mgonjwa, akamfulia, akampikia uji. Watu wakamsifu, wakasema huyu ndiye jirani. Kila akisifiwa, anaangalia chini.

Asubuhi moja Nyanzobe akamshika mkono. "Mwenzangu, siku ile niliposikia mmenyamaza, nikadhani nyati amewakamata ninyi. Ndiyo kwanza nilikuwa nageuka nije niwaokoe. Kumbe yuko miguuni pangu."

Kwandu akainama akachochea moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Nyanzobe sasa anatembea na mkongojo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini kelele zilikatika. Tulikuwa watatu nyuma yake, na mimi mmoja wao.

Na wewe, juzi uliposhusha sauti, yule aliyekuwa mbele yako alifika salama?