Kadi ya Pili ya Sekela

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema na watu, bali zamani ya juzi tu, michezo ya vyuo ilipokuwa ikioneshwa bure kwenye televisheni, aliishi mama kijana katika kijiji cha Ikondelo, kule milimani kwenye viazi na baridi. Jina lake Sekela. Na mtu wa kwanza kumwambia kwamba michezo imehama alikuwa Ambakisye, fundi wa redio.

Sekela alikuwa mpole wa sauti. Dukani alisikika kwa shida. Kanisani midomo yake ilicheza, lakini wimbo huusikii. Wenzake walimtania, "Sekela, hata kuku wako huwaiti, unawanong'oneza!" Naye alicheka, akaficha meno kwa kiganja.

Lakini alikuwa na mdogo wake, Atuganile. Sekela aliishia darasa la saba, akashika jembe ili mdogo wake ashike kalamu. Jioni wakirudi kupalilia, alichukua tenga la viazi, akalikata kitako, akalifunga juu ya mlingoti wa mkaratusi, akamfundisha mdogo wake kutumbukiza mpira. "Kunja magoti, Atu. Mkono unaelekeza tu. Anayerusha ni goti." Leo kunja magoti, kesho kunja magoti. Atuganile akakunja magoti mpaka akafika chuoni, akawa mfungaji wa timu ya netiboli, na chuo kikamsomesha kwa sababu ya mpira wake.

Kila mwaka michezo ya vyuo ilipofika, Ikondelo nzima ilihamia kwenye ghala la ushirika, palipokuwa na televisheni. Watu walikuja na vigoda vyao. Sekela alikaa mstari wa mbele, mwanawe Ipyana mgongoni, akimtazama mdogo wake bila kupepesa.

Mwaka huo wakaja na vigoda vyao, wakawasha televisheni, wakamkuta mtu anapika pilau.

"Antena!" wakasema.

Wakaizungusha antena kusini, pilau. Wakaizungusha mashariki, pilau. Wakaizungusha mpaka ikatazama Zambia. Pilau likaiva, wenyewe wakapakua. Kesho yake wakakata mlingoti mrefu zaidi, wakaipandisha antena juu kama bendera, na huko juu nako wakakuta pilau, safari hii la kuku. Hivyo hivyo, raundi ya kwanza ikapita, nusu fainali ikapita, wao wanazungusha.

Ndipo wakamwita Ambakisye. Akapanda, akakagua waya mmoja mmoja, akashuka, akakataa ujira. Mlangoni akakutana na Sekela.

"Dada Sekela," akasema, "waambie wasipande tena, watavunjika miguu. Antena ni nzima. Michezo ndiyo imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

"Mtandaoni. Sasa inatazamwa kwa kulipia, kwenye simu kubwa, na mahali penye mtandao wa nguvu. Televisheni wameiachia pilau."

Asubuhi ile ile Sekela alikuwa amepokea ujumbe wa Atuganile kwenye simu ya duka. Ujumbe wenyewe ulisema hivi: *Dada, goti lililoumia limepona, lakini mpira umenikataa. Nakosa hata wa karibu. Jumamosi ni fainali. Nisipofunga, mwaka ujao nafasi yangu ya kusomeshwa anapewa mwingine. Mwalimu haoni kosa langu. Nitazame wewe, uniambie.*

Nitazame wewe. Atamtazama kwa jicho gani?

"Fundi," Sekela akasema, na ilibidi Ambakisye ainame ili asikie, "ninayo simu kubwa ya mume wangu. Aliiacha alipokwenda kupasua mbao Mufindi. Lakini kioo chake kimekufa."

Ambakisye akaitazama ile simu, akaigeuza, akaguna. Kioo cha aina ile hakikupatikana Ikondelo wala mji wa jirani. Kilikuwa kimoja tu, kwenye simu ya Ambakisye mwenyewe, na ni kwa simu hiyo wateja walimtumia picha za redio zao zilizokufa. Kisha akachukua bisibisi, akakibandua kioo chake, akakipachika kwenye simu ya Sekela. Simu ya Sekela ikafumbua jicho. Ya kwake ikawa kipofu.

Jicho likapatikana. Lakini jicho bila cha kuona ni nini?

Sekela akaenda kwa Baba Gwamaka, mwenye duka, maana ndiye peke yake aliyekuwa amelipia michezo ile. Malipo yenyewe yalikuwa na masharti: yanafungua kioo kimoja tu. Ukifungua kwingine, kile cha kwanza kinazima.

Baba Gwamaka akavuta pumzi. "Jumamosi saa ngapi, mwanangu?"

"Saa tisa."

"Saa tisa Gwamaka wangu anacheza fainali ya mpira wa wavu. Na ni mwaka wake wa mwisho chuoni. Sijapata kumwona akicheza hata siku moja. Miaka yote walionesha netiboli na kandanda, mpira wa wavu hawakuonesha. Nimelipia ili nishuke mjini kwenye mtandao, nimwone yeye."

Sekela akainamisha kichwa, akashukuru, akageuka kwenda zake. Alikuwa amefika kwenye magunia ya chumvi aliposikia, "Rudi, Sekela. Mwanangu mimi akishinda au akishindwa, cheti chake kipo. Wako akishindwa, anarudi nyumbani. Lete hiyo simu nikuwekee namba ya siri."

Cha kuona kikapatikana. Lakini cha kuona bila mahali pa kuonea ni nini?

Mtandao wa Ikondelo ni wa kubahatisha. Ujumbe hupita, sauti hukatika, picha ndiyo haiji kabisa. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo picha ilitulia kama maji ya mtungini, napo ni uani kwa Mama Tuntufye, ukingoni mwa shamba lake, kando ya kaburi la mumewe.

Na mume huyo alikuwa amezikwa siku thelathini na mbili zilizopita. Desturi ya Ikondelo ni siku arobaini. Katika siku hizo mjane hukaa mkekani, haendi shamba, haendi soko, na uani kwake hapigi kelele mtu. Kelele zikipigwa, ziwe za furaha ziwe za ugomvi, siku alizokaa zote zinafutika, anaanza moja. Na viazi vya Mama Tuntufye vilikuwa tayari ardhini, vinamsubiri.

"Njooni," akasema Mama Tuntufye alipoombwa. "Lakini tazameni kwa macho, si kwa midomo. Nimebakiza siku nane tu."

"Kwangu mimi usiwe na shaka, mama," Sekela akasema.

Mama Tuntufye akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kwako wewe hata kaburi halina shaka."

Siku ya fainali wakakaa wanne uani: Sekela na simu, Ambakisye, Baba Gwamaka, na Mama Tuntufye kwenye mkeka wake. Wengine wakajipanga nje ya ua, kimya, kama watu wanaopita tu. Picha ikaja. Huyo hapo Atuganile! Mpira wa kwanza, akakosa. Wa pili, akakosa. Wa tatu ukagonga chuma, ukarudi. Timu yake ikapitwa kwa mabao sita, na watu nje ya ua wakajiziba midomo kwa khanga na kofia.

Sekela hakuziba mdomo. Alikuwa akitazama magoti. Atuganile alisimama wima kama mchi. Goti lililopona lilikuwa linaogopa, na kwa kuliogopea, alikuwa anarusha kwa mikono mitupu.

Mapumziko yakafika. Sekela akampigia mwalimu wa timu kwa namba aliyopewa na mdogo wake, mwalimu akaiweka simu sikioni mwa Atuganile. Huko nyuma uwanja ulikuwa unavuma, ngoma na filimbi.

"Atu, kunja magoti," Sekela akasema.

"Nini? Dada, sikusikii!"

"Kunja magoti."

"Sikusikii, dada! Ongea! Tunaitwa kuingia!"

Sekela akainua macho, akamtazama Mama Tuntufye. Mama Tuntufye akatazama shamba lake la viazi. Akatazama kaburi. Akauvuta mkeka wake karibu, kama mtu anayejiandaa kukaa sana.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Msiba ni wangu, na ruhusa ni yangu."

Basi Sekela, yule aliyewanong'oneza kuku, akasimama. Akafumba macho. Akapiga ukelele ambao Ipyana mgongoni aliamka nao, na mbuzi wa ng'ambo ya bonde wakainua vichwa.

"KUNJA MAGOTI, ATU! TENGA HALIJASOGEA! LIPO PALE PALE!"

Simu ikakatika.

Picha iliporudi, Atuganile alikuwa ameshika mpira. Akakaa kidogo. Akakunja magoti. Mpira ukapanda, ukashuka, ukatumbukia bila kugusa chuma. Ukaja mwingine, ukatumbukia. Ukaja mwingine, ukatumbukia. Mpaka kipenga cha mwisho walikuwa wameshinda kwa bao moja, na uani kwa Mama Tuntufye vigelegele vilikuwa havizuiliki tena. Na mwenye kuvianzisha alikuwa mjane mwenyewe.

Jioni ile Baba Gwamaka akapata ujumbe: vijana wa wavu wameshinda, na pointi ya mwisho kaipiga Gwamaka. Akausoma mara tatu. Kisha akawauliza watu, "Kwani aliruka juu kiasi gani?" Hakuna aliyejua.

Kesho yake, Jumapili, watu wakitoka kanisani, ujumbe mwingine ukaingia dukani. *Dada, nafasi yangu imebaki! Chuo kimempa kila mchezaji kadi mbili za kusafiri na timu mwezi wa saba kwenda kwenye michezo ya Arusha, kukaa mstari wa mbele. Moja ni yako. Ya pili mpe aliyefanya ukaniona. Mimi sikuwepo huko, wewe ulikuwepo. Kesho asubuhi nipigie unitajie jina. Usiniandikie. Jana niliisikia sauti yako, nataka niisikie tena.*

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ambakisye akasema, "Watu wa Ikondelo, nani aliwatoa kwenye antena? Bila mimi mngekuwa mnatazama pilau mpaka leo. Na angeona kwa jicho gani? Jicho ni langu, nimelitoa kwenye simu yangu. Mpaka saa hizi wateja wananitafuta, mimi naishi kama mtu aliyefungiwa ndani. Yeye kapata jicho, mimi nimekuwa kipofu."

"Fundi, kioo kinanunulika," akajibu Baba Gwamaka. "Ukienda mji mkubwa, siku moja utakipata. Mimi nitakwenda duka gani nikanunue Jumamosi ile? Jicho lako lingeona nini? Lingeona giza! Nimetoa siku ya mwisho ya mwanangu. Amenipigia simu ananiuliza, 'Baba, uliniona?' Nimjibu nini?"

"Mjibu ulikuwa unatazama netiboli," mtu mmoja akadakia. Watu wakacheka, isipokuwa Baba Gwamaka.

Mama Tuntufye hakuwepo dukani. Mjane haendi dukani. Lakini alituma neno, likaletwa na jirani: "Mwambieni Sekela sidai kitu. Ila wakisema, nami nisemwe. Jicho lilikuwepo na cha kuona kilikuwepo. Wangeonea wapi? Leo nimekaa siku ya kwanza kwa mara ya pili. Viazi vyangu vinaota ardhini. Na marehemu wangu, aliyekuwa na haki ya kulala kimya siku arobaini, ameamshwa siku ya thelathini na tatu. Kioo hununuliwa. Mtoto wa Baba Gwamaka atacheza tena, hata kama si chuoni. Maiti hafi mara mbili apate kuombolezwa upya."

"Lakini mama," Ambakisye akamjibu jirani kana kwamba ndiye mjane, "kigelegele cha kwanza kilitoka kinywani mwake!"

"Kigelegele kilitoka siku zikiwa zimeshafutika," jirani akasema. "Aliyekwisha kulowa haogopi umande."

Wakamgeukia Sekela. Sekela akaficha meno kwa kiganja. "Nitataja kesho," akasema, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, kabla umande haujakauka, Sekela alimfunga Ipyana mgongoni, akaichukua simu yenye kioo cha Ambakisye. Salio hakuwa nalo, akapita kwa Baba Gwamaka, naye akamfungulia duka mapema, akampa vocha. Sauti ilikuwa ikikatika kila mahali pengine, akapiga hodi uani kwa Mama Tuntufye, naye akajisogeza mkekani akampa nafasi kando ya kaburi. Fundi akaja, akasimama nje ya ua. Mwenye duka akaja, akasimama nje ya ua. Mjane akakaa siku yake ya pili, macho chini.

Sekela akabonyeza namba. Ikaita mara moja, mara mbili.

"Dada! Nakusikiliza. Ni nani?"

"Siku mbili si kitu, paza," akasema Mama Tuntufye, naye Sekela akasimama wima. Hakunong'ona. Alitaja jina moja, mara moja, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya bonde, kisha akakata simu, akaenda kwenye shamba la Mama Tuntufye, akaanza kuchimba viazi.

Jina alilolitaja, nusu ya Ikondelo wanasema ndilo, na nusu wanasema silo. Mimi nimewaletea jicho, nimewaletea cha kuona, nimewaletea na mahali pa kuonea. Sasa semeni ninyi, na mseme kwa sauti: Je, nani alistahili kadi ya pili?