Bakuli Lisilojaa

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa bakuli.
Bakuli la nani?
La jirani.
Limekuja na nini?
Limekuja na kunde.
Na litarudi na nini?

Eh, hapo mmenyamaza. Basi sogeeni karibu, maana hapo ndipo hadithi ilipokaa.

Hapo kale, katika kijiji cha Mabondeni, alikuwapo kijana mmoja mkulima, jina lake Kibwana. Mama yake alikuwa amefariki, mke alikuwa hajapata, na mali yake yote ilikuwa jembe, shoka na haya. Haya alikuwa nayo nyingi kuliko nguo.

Siku moja akaenda kuchanja kuni. Akapiga shoka la kwanza, akapiga la pili, la tatu likateleza likampata mguuni. Akalala ndani mwezi mzima, akalala na wa pili. Shamba likaota majani. Ghalani wakabaki panya, na panya nao wakaona hapana maisha, wakahama.

Majirani wakasikia. Bi Mwatime akaleta bakuli la kunde. Bi Sikudhani akaleta bakuli la samaki wa nazi. Bi Siwema akaleta bakuli la uji wa mtama. Hodi, karibu, pole, kula. Kibwana akala, na mguu ukaanza kupona.

Sasa jueni jambo moja. Pale Mabondeni, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga, bakuli unalirudisha lina kitu ndani: ndimu moja, chumvi kidogo, hata jani la mchaichai. Ndiyo ada yao. Na ada nyingine ni kwamba mwenye chombo hakidai. Kudai chombo ulichopelekea chakula ni aibu kubwa, kama kumhesabia mgeni matonge.

Kibwana akalitazama bakuli la kunde. Akasema moyoni, "Kunde bakuli zima, mimi nirudishe jani? Hapana. Nikipona nitatia kitu cha maana." Akalisukuma uvunguni. Akalitazama la samaki. "Samaki wote wale, mimi nirudishe ndimu? Hapana." Uvunguni. Akalitazama la uji. Nalo uvunguni.

Mnacheka? Nani hapa hajawahi kuchelewa kusema asante, akaona haya kwa kuchelewa, na haya ikamchelewesha zaidi? Mimi namjua mmoja. Ndiye anayewahadithia.

Siku zikapita. Bi Mwatime akapita mlangoni. "Nimekuja kukujulia hali tu, mwanangu." Macho yake yakatafuta bakuli. Bi Sikudhani akapita. "Nimekuja kukujulia hali tu." Macho yakatafuta. Bi Siwema naye vivyo hivyo. Na Kibwana kila mara akatazama chini, akajibu, "Sijambo, Mama," basi, hakuongeza neno. Alitaka kuongeza. Neno lilifika kooni, likakumbuka mabakuli ya uvunguni, likarudi.

Mvua za kwanza zikakaribia. Watu wa Mabondeni hulima kwa ujima: leo kwako wote, kesho kwangu wote. Zamu ya Kibwana ikapangwa Jumamosi. Naye alikuwa sasa anatembea kwa kuchechemea, mkononi fimbo. Peke yake asingeweza kulima hata matuta matatu. Watu wasipokuja, hatapanda. Asipopanda, mwaka wa pili wa njaa ndio huo, na wa pili huua.

Alhamisi akaenda kisimani. Nyuma ya ua akasikia watu wakizungumza.

"Jumamosi tunalima kwa yule mla vyombo?"

"Mimi jembe langu siku hiyo litaumwa."

"Na langu lina msiba."

Wakacheka. Kibwana akarudi nyumbani bila maji. Akaketi kitandani, juu ya mabakuli matatu, akalia.

Tumwache hapo kidogo, twende kwa Bi Mwanamkasi.

Bi Mwanamkasi alikuwa mfinyanzi, bibi mwenye kicheko kikubwa na ulimi usio na mlango. Mabakuli yote ya kijiji yalitoka mikononi mwake. Siku hiyohiyo akajiwa na Bi Mwatime: anataka bakuli jipya. Akajiwa na Bi Sikudhani: bakuli jipya. Akajiwa na Bi Siwema: bakuli jipya.

"Nyinyi, mabakuli mnayala siku hizi?" akawauliza.

"Yako kwa Kibwana," wakasema.

"Mmemwuliza?"

"Chombo kinaulizwa, Bi Mwanamkasi? Si aibu?"

Bi Mwanamkasi akacheka mpaka udongo ukamtoka mkononi. Akasema, "Njooni kesho alasiri, yatakuwa tayari." Walipoondoka akafinyanga matatu, akafinyanga na la nne. La nne lile, kabla halijakauka, akatia kidole chini, pu, akalitoboa. Tundu la kupita kunde. Mfinyanzi wa miaka arobaini anatoboa bakuli kwa makusudi! Mnashangaa? Hata mimi nilipohadithiwa nilishangaa.

Ijumaa, vyungu vilipotoka motoni, akalitandika bakuli bovu jani la mgomba, akatia mihogo ya kuchemsha, akashika njia.

"Hodi."

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kula."

Kibwana akala.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Basi nipe bakuli langu."

Kibwana akalivuta bakuli kwake. Tangu azaliwe hajasikia mtu akidai chombo. "Bibi, nipe siku. Silirudishi tupu."

"Siku ngapi? Kama ulizowapa wale watatu?" Bi Mwanamkasi akainama, akachungulia uvunguni.

Hapo haya ya Kibwana ikapasuka. Akamweleza yote, kunde, samaki, uji. "Sina cha kutia kinachofanana na walivyonipa, Bibi. Na kadiri ninavyongoja, ndivyo kinavyozidi kuwa kikubwa."

"Basi langu litie maji tu. Mimi sina makuu."

Akatoa lile jani la mgomba, akatia maji. Yakavuja.

"Tia mchanga."

Akatia mchanga. Ukamwagika.

"Tia majivu."

Akatia majivu. Yakamshukia miguuni, akawa mweupe kama kuku wa kafara.

"Bibi, bakuli gani hili?"

"Bovu. Nimelifinyanga mwenyewe. Sasa likirudi tupu, aibu ni ya nani?"

Kibwana akafikiri. "Ya mfinyanzi."

"Umesema. Basi nibebee aibu yangu mpaka kwangu, mimi mikono imechoka."

Kibwana akacheka. Ilikuwa miezi miwili hajacheka. Akalichukua bakuli, akamfuata.

Kufika uani, nani wamekaa kwenye mkeka wanangoja mabakuli mapya? Bi Mwatime, Bi Sikudhani, Bi Siwema. Kibwana akataka kugeuka, lakini mguu mbovu haugeuki upesi. Bi Mwanamkasi akaketi, akasema kwa sauti, "Haya, nirudishie."

Akalitoa kwa mikono miwili. "Bibi, bakuli lako hili. Halina kitu. Asante kwa mihogo. Nimeshiba, na umenichekesha."

Neno likawa limetoka. Na neno la kwanza likitoka, la pili halioni njia ndefu. Akawageukia wale watatu.

"Mama Mwatime, zile kunde nilikula siku ambayo nilikuwa nimelala bila kitu tangu juzi yake. Asante. Mama Sikudhani, samaki wako alinikumbusha mama yangu, nikalia huku nakula. Asante. Mama Siwema, uji wako ndio ulionisimamisha. Asante. Mabakuli yenu ninayo. Niliona haya kuyarudisha matupu."

 Kisha Bi Sikudhani akasema polepole, "Kumbe samaki alikuwa mzuri. Mimi nilidhani chumvi ilizidi, ndiyo maana hutaki kuniangalia usoni."

"Na mimi nilidhani kunde hazikuiva," akasema Bi Mwatime.

"Mimi nilidhani uji ulikuwa na mawe," akasema Bi Siwema, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Jumamosi alfajiri Kibwana akasimama shambani na jembe lake. Akangoja. Jua likachomoza, hakuna mtu. Jua likapanda, hakuna mtu. Akapiga jembe la kwanza peke yake, mguu ukamuuma, akapiga la pili. Kabla ya la tatu akasikia wimbo. Kijiji kizima kilikuwa kinashuka bondeni, majembe mabegani. Walichelewa kwa sababu wale wanawake watatu walikataa kuondoka mpaka wapike chakula cha shambani. Na lile jembe lililosema litaumwa? Lilikuja, tena lililima kuliko yote.

Mvua ikanyesha, kunde zikazaa. Siku ya mavuno Kibwana akajaza mabakuli matatu, akayapeleka. Kisha akaenda kwa Bi Mwanamkasi, akaomba aazimwe lile bovu.

"La nini, mwanangu? Hilo halijai."

"Najua. Lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu."

Akalipeleka kwake, akalitia kunde kavu mpaka juu, akaanza safari ya kulirudisha. Kunde zikavuja. Kila hatua kunde, kila hatua kunde, kuku wa kijiji wote nyuma yake. Alipofika mlangoni ilibaki moja tu. Bi Mwanamkasi akaichukua kwa vidole viwili, akaila mbichi, akasema, "Nimeshiba."

Lakini kuku hawakumaliza. Mvua za vuli ziliponyesha, njia yote kutoka kwa Kibwana mpaka kwa mfinyanzi ikaota kunde, huku na huku. Hakuna aliyezipanda, kwa hiyo hakuna aliyesema ni zake. Mwenye njaa akachuma. Na mtu wa Mabondeni aliyeletewa chakula naye hana cha kutia, hupita njia ile, akachuma majani mawili, akayaweka ndani ya bakuli, akarudisha na neno asante. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kushukuru ni hivyohivyo.

Basi, bakuli langu ndilo hilo. Nimelileta kwenu limejaa, nanyi mmekula.
Litarudi?
Litarudi.
Litarudi tupu?
Halirudi tupu.
Litarudi na nini?
Na asante.
Nimepokea. Nendeni salama, na mkifika nyumbani, mchungulie uvunguni.