Ndama wa Walioachana kwa Wema

Nitegeeni sikio, maana nikimaliza nitamtoza kila mmoja wenu neno lake.

Kule Rungwe, kwenye migomba na mashamba ya chai, waliishi watu watatu. Tumpe alikuwa na ulimi: akianza kumsema mtu, hata jirani asiyehusika alifunga dirisha. Mumewe, Ambakisye, alikuwa na mikono: nyumba yao ya matofali aliijenga mwenyewe, tangu msingi hadi paa. Na mama yake Ambakisye, Bibi Syabumi, alikuwa na kauli: akitamka, ukoo mzima ulitulia.

Ndoa ya Tumpe na Ambakisye ilikuwa imekufa. Waligombana asubuhi, wakagombana jioni, mpaka binti yao mdogo, Lusubilo, akaacha kusema. Shuleni aliongea vizuri. Akivuka kizingiti cha nyumbani, kimya. Hapo wazazi wakaogopa, wakaenda mahakamani pamoja.

Hakimu, mama mmoja mtulivu, akawaambia: "Talaka isiyo na ubishi inawezekana. Kwanza baraza la usuluhishi lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kisha nyinyi wenyewe mkubaliane kwamba ndoa imevunjika, watoto wakae na nani, na mali igawanywe vipi. Likibaki hata jambo moja la kugombania, nitaita mashahidi, na kila kitu kitaanikwa hapa."

Barazani, wazee wakauliza, "Kosa ni la nani?" Watu wote walijua kwamba Ambakisye alikuwa na mwanamke Mbeya mjini. Yeye mwenyewe alikwishainamisha kichwa, akingojea ule ulimi. Tumpe akasema, "Ndoa imekufa, wazee wangu. Maiti hafufuki kwa kumtaja aliyemuua. Sina la kumsema baba watoto." Alipotoka nje, alitapika kwa hasira aliyoimeza.

Ikaja zamu ya mali. Ndugu zake Ambakisye wakamhimiza, "Nyumba ni jasho lako, usiiachie!" Akawajibu, "Watoto wangu wanalala humo. Tumpe abaki nayo." Akaenda kupanga chumba Tukuyu, yeye ambaye tangu aoe hakuwahi kuishi chini ya paa ambalo hakuliezeka.

Wakabaki watoto. Ukoo ulisema, "Watoto ni wetu, warudi kwetu," ukamtazama Bibi Syabumi atamke. Bibi huyo aliishi nao nyumba moja, akilala kitanda kimoja na Lusubilo tangu mtoto aachishwe ziwa. Akasema, "Watakaa na mama yao, mimi nirudi kwenye nyumba yangu ya zamani. Nikiwataka, miguu ninayo."

"Mama," Tumpe akamuuliza, "unajua unachokitoa?"

"Najua, mwanangu. Kitanda kitakuwa na baridi."

Hakimu akamhoji kila mmoja wao kama amelazimishwa. Wote wakakana. Talaka ikatolewa bila sauti kupanda. Walipotoka, wakaingia mgahawani wote watatu wakanywa chai. Na mwezi haukuisha kabla Lusubilo hajasikika akiimba jikoni.

Lakini kuna kitu walikuwa wamekisahau. Ng'ombe wao mmoja alikuwa akifugwa kwa rafiki, kijiji cha pili, naye akazaa ndama jike, mzuri ajabu. Ng'ombe wakamwachia rafiki, ujira wa kumfuga; akabaki ndama.

Tumpe akasema, "Apewe Ambakisye, hana hata kuta." Ambakisye akasema, "Apewe mama, amebaki peke yake." Bibi Syabumi akasema, "Apewe Tumpe. Kama angefungua kinywa chake siku ile, sisi sote tungekuwa tumeaibika."

Wakarudi kwa hakimu. Akacheka mpaka akavua miwani. "Ugomvi wa kunyang'anyana naujua. Huu wa kusukumiana sikuusomea. Nendeni mkaulize watu."

Basi nimekuja kuwauliza. Mmoja alitoa maneno yake, mmoja kazi ya mikono yake, mmoja joto la uzee wake. Na angekataa yeyote, talaka ile isingekuwa ya amani. Ndama bado yuko kwa rafiki, amefungwa kamba shingoni. Wewe uliyekaa hapo, kamba hiyo ungeiweka mkononi mwa nani?