Fimbo Aliyopewa Shekuwe

Nikisema "Mlango", nyinyi semeni "Ufunguke". Mlango. Haya. Wewe wa nyuma sijakusikia, lakini tuendelee, sina umri wa kusubiri.

Ilikuwa zamani, zamani ya babu wa babu yangu, msumari haujafika kwetu na nyumba zikifungwa kwa kamba. Katika mji wa Kitongani, ambao leo ni vichaka vitupu, aliishi Fundi Bwanaadi, mjenzi wa nyumba za miti na udongo. Mwanafunzi wake aliitwa Shekuwe, mtu mzima mwenye ndevu zake. Alijifunza miaka saba. Mwaka wa kwanza akakanyaga udongo. Wa pili akakanyaga udongo. Wa tatu, mnadhani alifanya nini? Akakanyaga udongo. Ndipo akafundishwa kuchagua nguzo, kufunga fito na kuchonga milango.

Shekuwe alitaka kitu kimoja tu: tezo ya Bwanaadi, kile chombo cha kuchongea mbao chenye mpini mfupi. Siku hizo mtu haitwi fundi mpaka mwalimu amkabidhi tezo yake. Na mwalimu haikabidhi mpaka mwanafunzi ajenge nyumba peke yake, na mwalimu akae humo siku saba. Asipoona kasoro, tezo inahama mkono. Akiiona, mwanafunzi anarudi kwenye udongo.

Shekuwe alikuwa na mchumba, basi akaanza kujenga nyumba ya kumweka. Bwanaadi akamletea fimbo iliyonyooka, ndefu kumpita yeye mwenyewe.

"Kila kona, pitisha fimbo hii ikiwa imelala," akamwambia. "Ikigeuka bila kugusa ukuta, endelea. Ikigusa, bomoa."

"Ni kipimo cha nini, Fundi?"

"Ipitishe tu."

"Lakini cha nini?"

"Shekuwe, kuna mambo hayatajwi kwenye nyumba ya harusi. Ipitishe."

Shekuwe aliudhika. Miaka saba, na bado anaambiwa fanya tu. Akaiegemeza fimbo pembeni akaendelea na kazi. Alitaka njia ya kuingilia ipinde, mpita njia asione ndani. Akaipinda. Akaona haitoshi, akaipinda tena. Ilipendeza, nasema kweli, na kila mtu aliisifu. Alipofika kwenye paa, ufito mmoja ukapungua. Akatazama huku, akatazama huku, akaichukua ile fimbo akaifunga juu. Ilienea vizuri.

Mnacheka. Nyinyi mngefanya hivyohivyo.

Nyumba ikaisha. Bwanaadi akaja na mkeka wake, akaigusa ile kona kwa kiganja.

"Fimbo ulipitisha?"

"Nilipitisha, Fundi."

Huo ni uongo, na aliusema akitazama chini. Siku ya pili Bwanaadi akazikagua nguzo. Siku ya tatu akausifu mlango. Siku ya nne akalala chali, akalitazama paa muda mrefu. Aliiona fimbo yake? Sijui, mimi sikuwepo. Siku ya tano akala chakula cha mchana, akajinyoosha, na alasiri Shekuwe alipokwenda kumwamsha, hakuamka.

Watu wakaja, wakamwosha, wakamvika sanda. Jeneza la msikiti liliingia tupu, likiwa limesimamishwa. Lakini lenye mtu halisimamishwi. Wakalibeba hadi kwenye kona, likakwama. Wakalirudisha, wakalijaribu tena, likakwama. Mmoja akanong'ona kwamba waliinue tu upande wa kichwani. Wengine wakakataa: aliyejenga nusu ya mji huu hatolewi kama gunia.

Mzee mmoja akainua macho. "Ile juu si fimbo ya Bwanaadi?"

Wakaishusha, wakailaza ubavuni mwa jeneza. Urefu sawasawa. Hakuna aliyemtazama Shekuwe, na hilo lilimuuma kuliko kutukanwa.

Ndipo Mwanakombo, binti ya Bwanaadi, akatoka chumbani kwa wanawake, ameshika tezo iliyofungwa kitambaani.

"Baba aliniambia nikuletee siku ya saba," akasema. "Leo ni ya tano. Shika."

"Sistahili, dada yangu."

"Sikukuuliza. Baba anangoja kutoka."

Shekuwe akaipokea. Kazi yake ya kwanza na tezo ile ikawa kukata kamba na nguzo za kona aliyoipenda, huku analia, udongo ukimwangukia miguuni. Jeneza likapita.

Tangu siku hiyo akaitwa Fundi. Alifundisha wengi, na kila mmoja alimpa fimbo na kumwambia waziwazi, hata mbele ya mama wa bibi harusi: "Huu ni urefu wa jeneza. Atakayekaa humu, ipo siku atatoka." Wakasema analeta nuksi. Akasema vilevile.

Basi ukiagizwa jambo la kazi, lifanye, halafu uulize tena. Na mkija kufundisha, semeni sababu, hata kama inachukiza.

Mlango. Semeni "Ufungwe". Sasa nipisheni hapo konani nipite.